Kibali cha Kumpa Mgongo Mheshimiwa

Kwanza tuelewane: nchi hii si yenu. Kwenu, nasikia, viti vya uwanjani vinatazama uwanja. Huku kwetu, Jamhuri ya Tumbuizo, tulishavuka hatua hiyo.

Uwanja wetu wa Taifa ulichorwa na mhandisi mwenye adabu. Upande wa kaskazini kuna Jukwaa Kuu, na juu kabisa kuna kiti cha Mheshimiwa. Chini ya Jukwaa Kuu kuna viti elfu arobaini vya raia, vyote vimekazwa kwa nati vikimtazama yeye. Nyuma ya viti hivyo, yaani migongoni mwa raia, ndiko mpira unakochezwa. Ukitaka kuuona lazima ugeuke, na ukigeuka umempa Mheshimiwa mgongo, kosa ambalo katika vitabu vyetu vya sheria limewekwa katikati ya uhaini na kuua tembo.

Kwa hiyo raia huenda uwanjani na redio. Hukaa, humtazama Mheshimiwa akitafuna korosho, na redio huiweka sikioni ili wajue mechi imefika wapi. Bao likiingia, humpungia yeye. Wapo wazee waliohudhuria kila mechi tangu uwanja ufunguliwe ambao mpaka leo hawajui nyasi zetu zina rangi gani. Hawalalamiki. Wanazijua korosho.

Adabu hii inawahusu wachezaji pia. Timu za wageni zimesamehewa, maana hazikulelewa hapa. Lakini mchezaji wa Tumbuizo, awe na mpira au asiwe nao, sharti uso wake uelekee kaskazini dakika zote tisini. Kipindi cha kwanza, tunaposhambulia kaskazini, hatukamatiki. Kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli, vijana wetu hushambulia kusini wakienda kinyumenyume, taratibu, kama watu wanaoaga ikulu. Wataalamu wa nje wameshindwa kuuelewa mfumo huo. Ni wivu.

*

Katika mfumo huo alizaliwa nyota mmoja, beki wa kulia wa klabu ya Bandari, jina lake Shaweji Kindamba. (Tumbuizo haina bahari, wala ziwa, wala mto unaofika kiunoni, lakini Mamlaka ya Bandari ina wafanyakazi elfu tatu na ilibidi wapewe jambo la kufanya.) Shaweji alikuwa akikimbia kinyumenyume kwa kasi kuliko wengine wanavyokimbia mbele. Alijifunza utotoni, kwa kutoka nyumbani kwa mjumbe wa mtaa.

Ndiye mchezaji pekee katika historia yetu aliyefunga bao kipindi cha pili. Ilikuwa mechi ya timu ya taifa dhidi ya nchi jirani. Alianzia nyuma, au tuseme mbele, akapita watu wanne ambao hakuwaona, akapiga kisigino, mpira ukaingia. Akashangilia kwa adabu, kinyumenyume, akaipita bendera ya kona, akawapita wauza ubuyu, akatumbukia katika mtaro uliokuwa ukisubiri mfuniko tangu uwanja ufunguliwe. Goti likaelekea mashariki, mguu magharibi.

Waziri wa Michezo alimfuata hospitalini akamvisha nishani. Kisha akaenda kuuzindua mtaro.

*

Mchezaji asiyeweza kutembea ana njia mbili: kuwa kocha au kuwa mtangazaji. Kocha tayari alikuwepo, mpwa wa Waziri. Shaweji akateuliwa na Mheshimiwa mwenyewe kuwa Mtangazaji wa Mpira wa Redio ya Taifa.

Kazi hiyo ina heshima kubwa, kwa sababu mtangazaji ndiye raia pekee anayeruhusiwa kuutazama mpira. Hupewa Kibali cha Kumpa Mgongo Mheshimiwa, kadi ngumu ya kijani yenye mihuri mitatu na picha ya kisogo chake. Kibanda chake kimejengwa juu ya nguzo, pembeni kidogo ya goli la kaskazini, na dirisha lake linaelekea kusini.

Siku ya kwanza Shaweji alikaa dirishani akanyamaza dakika nzima hewani. Taifa likadhani betri zimekwisha.

"Jamani," akasema mwishowe, "kumbe goli la kusini nalo lina nyavu."

Nchi nzima ikampenda hapo hapo.

Kibandani alikabidhiwa pia Mwongozo wa Lugha ya Michezo, uliotungwa na Dakta Mwinjuma Kilembo, Mkurugenzi wa Ukweli wa Michezo. Kwa mujibu wa Mwongozo, bao letu huitwa bao. Bao la mgeni huitwa ziara. Kadi nyekundu huitwa likizo. Penalti dhidi yetu huitwa mazungumzo ya ana kwa ana. Kwa hiyo mechi ambayo ninyi mngesema tumepigwa sita kwa mbili, sisi tulishinda mbili bila, na wageni walifanya ziara sita za kirafiki. Tumbuizo haijawahi kupoteza mechi. Mnaweza kuangalia kwenye kumbukumbu. Zinatunzwa ofisini kwa Dakta Kilembo.

*

Sasa nimlete mtu aliyesababisha yote haya, kipa wetu, Chande Mbwiga. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na moja. Kumbadilisha kipa kunahitaji saini ya Mheshimiwa, na faili lilikuwa bado linapanda ngazi. Chande alikuwa amemwoa Siwatu, dada yake Shaweji, kwa hiyo kipa na mtangazaji waliitana shemeji.

Kipindi cha kwanza Chande alikaa goli la kusini, akitazama kaskazini, na kazi ilikuwa nyepesi kama ya kipa yeyote duniani. Kipindi cha pili alihamia goli la kaskazini, na sharti aendelee kutazama kaskazini. Yaani alizitazama nyavu zake mwenyewe, na nyuma ya nyavu visogo elfu arobaini, na juu ya visogo Mheshimiwa na korosho. Mpira ulimjia kwa nyuma. Alivijua visogo vya nchi hii kuliko mtu yeyote. Cha mkewe kilikuwa safu ya tatu, chini ya kilemba cha njano.

Lakini hata Chande alikuwa na redio. Aliichomeka ndani ya soksi, waya ukapanda mpaka sikioni. Hakuna aliyeuliza, maana uwanjani kila mtu ana redio. Tangu shemeji yake ashike maikrofoni, mambo yalibadilika.

"Wageni wanakuja kushoto," Shaweji angesema, taratibu, kama anayepiga soga. "Jezi namba kumi. Anatazama kona ya kulia ya Chande. Kulia, wasikilizaji. Chini. Sasa!"

Na Chande, bila kugeuza hata sikio, angejirusha kulia, chini, kinyumenyume, akaudaka. Ziara zikashuka kutoka sita hadi mbili, kutoka mbili hadi moja. Dakta Kilembo alipewa nishani kwa ajili ya Mwongozo wake.

Kosa likatokea nusu fainali ya kombe la kanda, tukiwa tayari mabao matatu mbele. Mgeni mmoja alipiga shuti kali kutoka mbali, Shaweji akaliona kwa kuchelewa, hakuwahi kulitangaza, na ulimi ukamteleza. Alisema neno moja, neno ambalo watoto wetu hulisikia kwa mara ya kwanza wakisafiri nje.

"Tumefungwa, jamani!"

Raia wawili wakazirai. Mheshimiwa, walioketi mbele wanasema, akaacha kutafuna.

*

Wizara haikumlaumu mtu. Wizara iliimarisha utaratibu. Tangu siku hiyo, maneno yote ya mtangazaji yalipelekwa kwanza kwenye chumba cha Dakta Kilembo yakapumzike dakika moja, yakaguliwe, ndipo yaende hewani. Kipimo kiliitwa Dakika ya Ukomavu.

Ukomavu ni jambo zuri. Ila Chande alianza kujirusha kulia dakika moja baada ya mpira kwenda kulia. Mchezo wa kirafiki uliofuata, alijirusha kwa ushujaa mkubwa wakati mpira uko katikati ya uwanja unawekwa ili kuanza upya. Alipokuwa bado chini, shuti jingine likaja, likampiga kisogoni. Walimbeba kwa machela, uso kaskazini.

Kamati ya Uchunguzi ilikaa, ikala, ikatoa ripoti. Ripoti ilisema kipa anajirusha pasipo na mpira na hajirushi penye mpira, tabia inayoashiria mawasiliano na nchi ya kigeni. Ikapendekeza kwamba, endapo fainali itakuwa na ziara hata moja, Chande Mbwiga ahamishiwe timu ya Magereza kwa mkataba wa miaka tisa, mechi zote za nyumbani.

Shaweji alikwenda kumjulia hali. Alimkuta Chande amekaa kwenye mkeka, na Siwatu anamkanda shingo kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Karibu, kaka," Siwatu alisema bila kuinua uso. "Ndiyo shingo uliyoitengeneza. Itazame vizuri, wewe si una kibali cha kutazama?"

"Siwatu, mimi nasema kwa wakati. Wanaochelewesha ni wao."

"Mimi sijui wao. Mimi nasikia sauti yako. Unamwambia mume wangu mpira unakuja, na mpira ulishapita, umekula, umelala."

"Mwache shemeji," Chande akasema. "Aah! Taratibu, mama, hiyo shingo, si unga wa chapati."

"Nyamaza! Miaka tisa, Chande. Faili la kukustaafisha linapanda ngazi mwaka wa nne, la kukufunga limefika kwa siku mbili."

"Siwezi kuiruka Dakika yao," Shaweji akasema. "Dakta atakuwa kibandani, ubavuni kwangu, mkono kwenye swichi. Nikisema tofauti na Mwongozo, wananinyang'anya kibali."

"Kibali," Siwatu akasema. Alikikamua kitambaa kama anakamua shingo ya mtu mwingine. "Basi kiweke salama, kaka. Kina picha yako nzuri ya kisogo."

Shaweji hakunywa chai.

*

Fainali ilikuwa dhidi ya nchi jirani. Kipindi cha kwanza tulipata bao moja, la haki, na raia walimpungia Mheshimiwa mpaka mikono ikachoka. Kipindi cha pili Chande akahamia kaskazini, shingo imefungwa bendeji, waya sikioni, akawa anairukia mipira ya dakika iliyopita. Nguzo ilimwokoa mara tatu. Mwamba wa juu, mara moja.

Dakika ya themanini na saba beki wetu wa kati, akikimbia kinyumenyume, alimkanyaga mgeni ndani ya boksi. Refa akaonyesha alama nyeupe.

Kibandani Dakta Kilembo alinyoosha tai yake. "Mazungumzo ya ana kwa ana," alisema. "Tamka vizuri, Kindamba. Na utangulize salamu kwa Mheshimiwa."

"Wasikilizaji," Shaweji akasema, "baada ya salamu kwa Mheshimiwa, tunaingia kwenye mazungumzo ya ana kwa ana." Kisha akavua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka juu ya Mwongozo.

"Unakwenda wapi?"

"Nje, Dakta. Humu maneno yanalala sana."

"Kindamba! Una kibali cha kutazama, huna kibali cha kupiga kelele!"

Lakini Shaweji alikuwa ameshafungua mlango, akichechemea hadi ukingoni mwa kibanda, juu ya nguzo, hatua thelathini kutoka golini. Akavuta pumzi ya mtu aliyetangaza miaka tisa.

"Shemeji! Geuka!"

Sijui kwenu neno hilo lina uzito gani. Kwetu hata mafundi seremala hulikwepa.

"Siwezi, shemeji!" Chande akajibu, macho kwenye nyavu. "Watanichukua!"

"Watakuchukua hata usipogeuka! Mpira uko kwenye alama, jamaa anarudi nyuma kupiga!"

"Niambie upande basi!"

"Upande siujui! Hata yeye bado hajaujua! Hili si la masikio, Chande, hili la macho!"

Chande alisimama pale. Mbele yake visogo elfu arobaini vilikuwa vimetulia kama nazi gengeni. Ndipo, safu ya tatu, kilemba cha njano kikatikisika, kikazunguka, na chini yake kukatokea uso wa mkewe.

"Geuka, baba!" Siwatu alipiga ukelele. "Mimi nimeshageuka, unaogopa nini tena!"

Jirani yake akageuka ili amwone mwanamke kichaa. Jirani wa jirani akageuka ili aone huyu anaangalia nini. Safu ya nne ikageuka ili kuikemea safu ya tatu. Viti vikalia, redio zikadondoka, na kwa muda unaotosha kumenya ndizi, raia wote elfu arobaini walikuwa wanautazama uwanja. Mzee mmoja akasikika akisema, "Ni za kijani! Mama yangu, ni za kijani!"

Chande akaziona nyuso zote hizo. Kisha naye akageuka.

Jamaa akapiga. Mpira ukaja kushoto, juu kidogo, ukizunguka. Chande akautazama tangu unaondoka mguuni mpaka unafika, akanyoosha mikono miwili, akaushika kama anayepokea mtoto. Akabaki ameuinua mbele ya macho, anaugeuza huku na huku.

"Shemeji!" akaita. "Kumbe mpira wa kipindi cha pili ni mdogo hivi?"

Dakika moja baadaye, redio zilizodondoka chini ya viti zilitangaza kwamba tunaingia kwenye mazungumzo ya ana kwa ana.

*

Kombe likawa letu, na tatizo likawa la Wizara. Gereza kuu lina nafasi ya watu mia sita, nao tayari hulala kwa zamu. Kuwakamata raia elfu arobaini kungehitaji gereza la ukubwa wa uwanja, na hata hilo viti vyake vingeleta mjadala. Bunge likaitwa kwa dharura, na Dakta Kilembo akawasilisha hoja ya serikali.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "zimezagaa taarifa potofu kwamba wananchi walimpa Mheshimiwa mgongo. Wataalamu wetu wamelichunguza suala hili kwa mapana yake. Wamebaini kwamba kisogo ni uso ulio katika hali ya tafakuri. Kwa hiyo siku ile wananchi hawakugeuka. Walitafakari, tena kwa pamoja, jambo linalodhihirisha umoja wetu wa kitaifa."

Makofi yalidumu dakika tisa. Sheria ya Visogo ikapita bila kupingwa, na ikaanza kutumika tangu juzi yake, siku ya fainali. Chande akawa hana kosa. Faili lake la kustaafu likashuka ngazi likiwa limesainiwa, lakini akakataa kustaafu. Alisema ndiyo kwanza anaanza kuuona mpira wa kipindi cha pili.

Kesi ya Shaweji ilikuwa ngumu zaidi. Hakushtakiwa kwa kugeuka. Alikuwa na kibali. Alishtakiwa kwa kusema jambo kabla halijafikisha dakika moja. Lakini aliteuliwa na Mheshimiwa, na Mheshimiwa hakosei katika uteuzi, kwa hiyo hawezi kufukuzwa. Wanasheria walikesha na vitabu, wakapata ufumbuzi. Shaweji ataendelea na kazi maisha yake yote. Ila kiti chake kitageuzwa.

Fundi akaja na spana, akaling'oa dirisha la kusini akalihamishia kaskazini, akakikaza kiti kwa nati nne. Kuanzia hapo, kila raia angeutazama mpira, isipokuwa mtangazaji wake. Yeye angemtazama Mheshimiwa. Siwatu alilia aliposikia. Dakta Kilembo alipeana mikono na fundi.

Mechi ya kwanza ya utaratibu mpya watu walikuja na redio kwa mazoea tu. Walitarajia ukimya. Shaweji akakohoa.

"Wasikilizaji, mpira umeanza. Nasema umeanza kwa sababu Mheshimiwa ameacha kutafuna."

Uwanja ukacheka, kisha ukajizuia.

"Mheshimiwa anatazama kushoto. Bado kushoto. Shingo inanyooka. Ameshika ukingo wa kiti, wasikilizaji, amenyanyuka kidogo... amekaa. Tumekosa. Tumekosa kwa unene wa korosho moja."

Kweli, mpira ulikuwa umegonga mwamba. Dakta Kilembo aliruka kwenda kwenye swichi, akakumbuka jambo, akaufungua Mwongozo alioutunga kwa mkono wake. Kifungu cha kwanza kinasema hali ya uso wa Mheshimiwa itaelezwa hewani kwa kina, kila mechi. Kifungu cha pili kinasema habari za Mheshimiwa hazicheleweshwi, hata dakika moja. Akakaa chini.

Tulipata bao kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili wageni walisawazisha. Shaweji hakuona chochote.

"Mheshimiwa amefumba macho," alisema. "Ameyafumbua. Amemtazama Waziri kama mtu anayetazama nywele kwenye mchuzi. Kwa maoni yangu, wasikilizaji, ni sare, moja kwa moja."

Nilikuwepo. Watu waliutazama mpira kwa macho na kumsikiliza Mheshimiwa kwa masikio, na sikumbuki mechi iliyowahi kunoga vile. Tatizo ni kwamba Mheshimiwa naye ana redio. Dakika ya themanini tukamsikia Shaweji akisema, kwa sauti ya chini, "Sasa Mheshimiwa anajizuia. Hapepesi. Anajizuia sana, jasho linamtoka. Nadhani tunashambuliwa." Na tulikuwa tunashambuliwa, na Chande akaudaka, na Mheshimiwa, kabla hajajua amefanya nini, akaruka juu na kupiga kelele kama mtu wa kawaida. Hilo Shaweji hakuhitaji kulitangaza. Lilisikika mpaka mtaroni.

Wizara imelifanyia kazi. Juzi imetoa taarifa kwamba kuanzia mechi ijayo Mheshimiwa, kwa sababu za jua, atavaa miwani nyeusi, mipana, inayoshuka mpaka kidevuni.

Waandishi walimfuata Shaweji nyumbani kwa dada yake wakamuuliza itakuwaje. Alikuwa anakunywa chai. Akasema hana shida, miwani ni haki ya mtu.

"Nitatangaza mikono," alisema.